Timu ya kikapu ya Mwanza ianzie wapi ili igombee ubingwa, isiishie kushiriki?

Mdau wa Pasiansi

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya wanaoujua mchezo huu kwa undani. Klabu yetu hapa Mwanza imeahidiwa udhamini wa misimu miwili. Uongozi unataka tuache kuwa wasindikizaji kwenye Ligi ya Taifa, tugombee ubingwa kwelikweli, kisha tuanze kuzitazama mechi za kufuzu BAL (Ligi ya Kikapu ya Afrika).

Tulichonacho: wachezaji 14, wengi wa miaka 19 hadi 24. Kocha mmoja, hana msaidizi. Mazoezi tunafanyia uwanja wa saruji ulio wazi. Warefu wetu wawili wanaokota ribaundi (mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa) vizuri, ila timu inapoteza mipira mingi na robo ya nne pumzi inakata.

Kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka fedha yote iende kwa wageni wawili, wapo wanaotaka benchi la ufundi kwanza. Kwa timu kama hii, mngeanza na lipi?

---

KaratasiYaMeza

Mkuu, msinunue mtu kabla hamjajua mnafungwa na nini. "Tunapoteza mipira mingi" ni hisia hadi iandikwe. Chukueni mechi zenu tano au sita za karibuni zenye video, mhesabu zamu za kushambulia. Kanuni ni hii:

zamu = mitupo ya mchezoni + (mitupo huru × 0.44) − ribaundi za kushambulia + mipira iliyopotea

Ile 0.44 ipo kwa sababu si kila mtupo huru (ule wa adhabu ya faulo) unamaliza zamu. Mtupo wa kwanza kati ya miwili haumalizi, na ule wa nyongeza baada ya kikapu na faulo unafuata zamu ambayo mtupo wa mchezoni umeshaihesabu.

Baada ya hapo pimeni mambo manne ambayo Dean Oliver aliyapanga kwa uzito: ubora wa mitupo (asilimia 40), kutopoteza mpira (25), ribaundi za kushambulia (20) na kwenda kwenye mstari wa mitupo huru (15). Ubora wa mitupo haupimwi kwa asilimia ya kawaida. Chukua vikapu vyote, ongeza nusu ya vikapu vya pointi tatu, gawa kwa mitupo yote. Anayefunga pointi tatu kwa asilimia 33 ana thamani karibu sawa na anayefunga pointi mbili kwa asilimia 50, na makocha wengi bado wanamfokea wa kwanza na kumsifu anayerusha kutoka mita 5 kwa asilimia 36.

Mfano wa kubuni, wa timu inayofanana na mnavyojieleza. Imetupa mara 68, vikapu 26, vitano kati yake vya pointi tatu. Mitupo huru 18, imeingia 10. Ribaundi za kushambulia 12, mipira iliyopotea 20. Hapo kuna pointi 67 katika zamu kama 84. Zamu 64 ambazo mpira haukupotea zimezaa pointi 67, yaani pointi moja na kidogo kwa kila zamu. Shusheni mipira inayopotea kutoka 20 hadi 14, mnapata kama pointi 6. Mitupo huru ikiingia 13 badala ya 10, pointi nyingine 3. Hizo ni pointi 9 kwa mechi bila kusajili mtu, na fainali nyingi zinaamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Mipira iliyopotea ichambuliwe kwa aina: pasi ya kumlisha senta (mrefu wa chini ya ringi), kubanwa na wawili karibu na mstari wa kati, hatua (kutembea na mpira) wakati wa kupokea, faulo ya kushambulia, kuzidisha sekunde 8 za kuvuka katikati au sekunde 24 za kushambulia. Timu changa hufia kwenye aina ya pili. Mwenye mpira akibanwa, wenzake wanasimama wakimtazama, au wanamkimbilia wote upande mmoja na kumletea mabeki wao. Dawa yake ni zoezi la 4 dhidi ya 6: marufuku kudunda, mpira uvuke katikati ndani ya sekunde 8. Mmoja lazima awe katikati ya uwanja nyuma ya wanaobana, mmoja pembeni mbele, mmoja nyuma ya mwenye mpira kama njia ya kurudia. Dakika 12 kila siku ya mazoezi. Wiki mbili za kwanza litakuwa fujo tupu, msiliache.

Wa kuandika wawe wawili, mmoja anatamka bila kuondoa macho uwanjani, mwingine anaandika. Simu iwekwe juu, usawa wa mstari wa kati. Video iliyopigwa nyuma ya ringi haionyeshi nafasi kati ya wachezaji, na nafasi ndiyo mnayoitafuta.

---

Nyegezi_Gadi

Naunga mkono hesabu, ila tusimkwepe mdau kwenye swali la wageni. Kwa maelezo yake, akisajili mmoja awe pointi gadi. Ribaundi anazo, anayekosekana ni mtu wa kuusafirisha mpira chini ya shinikizo na kuamua vizuri kwenye piki-endi-roli, yaani mwenzake anapomwekea beki skrini (kizuizi cha mwili) kisha anakimbilia ringi.

Tazameni timu zilizofika kileleni NBA zilivyojengwa. Kwenye uteuzi wa wachezaji wapya, Denver walimchagua Nikola Jokić nafasi ya 41 mwaka 2014 na Jamal Murray nafasi ya 7 mwaka 2016. Wakawaacha wakue pamoja, kisha ndipo wakatafuta vilivyopungua: Aaron Gordon mwaka 2021 wa kukaba mafowadi wakubwa na kukata kuelekea ringi, Kentavious Caldwell-Pope mwaka 2022 wa kukaba gadi na kurusha kutoka pembeni. Ubingwa ukaja 2023. Milwaukee walikuwa na Giannis Antetokounmpo tangu 2013, wakamleta Jrue Holiday mwishoni mwa 2020, wakatwaa 2021. Kiini kilitangulia, usajili mkubwa ukafuata kuziba pengo lililokuwa linajulikana. Klabu nyingi huku kwetu zinaanza na wageni, halafu zinatafuta wenyeji wa kuwazunguka, na udhamini ukiisha hakibaki kitu.

Mnapomtafuta huyo gadi, kataeni vipande vya video vilivyokatwakatwa. Ombeni mechi nzima tatu, na moja iwe ya siku ya tatu mfululizo ya mashindano. Angalieni anafanya nini sekunde tatu baada ya kukosa mtupo: anarudi kukaba au anamlalamikia refa? Angalieni mkono wake wa kushoto akisukumwa huko. Hesabuni pasi zake zilizomfikia mtu kifuani, tayari kurusha, na zile zilizomfikia magotini.

Halafu makaratasi. Mchezaji anayetoka shirikisho la nchi nyingine anahitaji barua ya kibali cha uhamisho kupitia TBF (shirikisho la kikapu Tanzania), pamoja na kibali cha kazi na cha ukaazi. Anzeni mapema. Mgeni anayelipwa huku amekaa jukwaani kwa sababu karatasi hazijakamilika ni hasara mara mbili. Someni pia kanuni za mwaka husika kuhusu idadi ya wageni, maana za ligi ya nyumbani na za BAL si lazima zifanane.

---

KirumbaFowadi

Kaka Nyegezi, hapo sikubaliani nawe. Gadi unaweza kumkuza hapahapa Mwanza, Malimbe au Nsumba, kwa miaka miwili ukiwa na kocha mzuri. Mtu wa mita 2.08 anayejua kukaba humkuzi.

Na sheria zinambeba mrefu. NBA beki haruhusiwi kukaa ndani ya eneo zaidi ya sekunde 3 bila kuwa karibu na anayemkaba. Kwa FIBA (shirikisho la kikapu la dunia) hakuna sheria hiyo, senta anasimama mbele ya ringi zamu nzima. Tena kwa FIBA mpira ukishagusa ringi, yeyote anaweza kuupangua au kuusukumia ndani hata ukiwa bado juu yake. Hizo ni pointi kadhaa kila mechi kwa timu yenye mikono mirefu. Wekeni mrefu wa kweli katikati, gadi zenu zikabe kwa kusogelea bila hofu, kwani anayepita atakutana na mtu.

---

Nyegezi_Gadi

Hoja ya sheria ni sahihi kabisa, na kwa timu isiyo na ribaundi ningekubaliana nawe moja kwa moja. Ila mdau ana warefu wawili tayari. Wa tatu atamweka mmoja benchi, na tatizo la kuvuka mstari wa kati litabaki palepale. Hao wawili wapewe kazi ya miguu: kukaba piki-endi-roli kwa kushuka hatua mbili nyuma ya skrini, mgongo kwenye ringi, mikono juu, wasirukie kila danganyo. Senta mwenye faulo tatu kabla ya mapumziko hana faida hata awe na mita ngapi.

Kuhusu kukuza wa kwetu nakuunga mkono. Hasheem Thabeet, mita 2.21, alianza kikapu akiwa kijana mkubwa tayari, na mwaka 2009 Memphis wakamchukua nafasi ya pili kwenye uteuzi wa NBA. Kwa hiyo kwenye UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) msiangalie anayefunga sana tu. Angalieni kijana mrefu anayekimbia vizuri na mwenye mikono laini, hata kama kikapu kakianza juzi. Tatizo letu sugu ni kwamba akifika miaka 20 anahamia Dar kwa ajili ya chuo au kazi. Klabu inayomtafutia nafasi ya kusoma hapahapa Mwanza na kumlipia ada imemsajili kwa miaka mitatu kwa gharama ndogo kuliko mshahara wa mgeni.

---

Tiba_Bwiru

Habari zenu wadau. Niongee kuhusu robo ya nne, kwa sababu watu wanaiita "roho ya ushindi" wakati mara nyingi ni mgawanyo wa dakika, maji na safari.

Mashindano yanayochezewa kituo kimoja yanabana mechi nyingi ndani ya siku chache. NBA nyota anacheza dakika 40 katika mfululizo wa hadi mechi saba, lakini kati ya mechi za mtoano anapata walau siku moja, mara nyingine zaidi. Huku kwetu anayecheza dakika 38 kila siku, siku ya nne miguu haipo: mitupo inagonga mbele ya ringi, anachelewa hatua moja kukaba, anaanza kushika watu. Mechi ina dakika 200 za kugawana. Watano wa kuanza wakipewa wastani wa 27, zinabaki 65 za benchi, na hizo zinahitaji watu wanne au watano wanaoaminika. Timu inayogombea ubingwa hutambulika kwa mchezaji wake wa nane na wa tisa. Mechi za makundi, asivuke mtu dakika 30 kama hakuna ulazima.

Pumzi. Kukimbia taratibu kando ya ziwa kilomita 8 hakujengi pumzi ya kikapu. Kimbieni urefu wa uwanja mara nne, jumla mita 112, kwa sekunde 24 hadi 26. Pumzika sekunde 50. Rudia mara sita, pumzika dakika 3, kisha seti ya pili. Mara mbili kwa wiki kabla ya msimu, mara moja msimu ukianza. Baada ya kila seti kila mtu arushe mitupo huru miwili akiwa anahema, kwa sababu ndivyo atakavyoirusha siku ya mechi.

Vifundo vya miguu ndiyo majeraha ya kawaida kuliko yote kwenye mchezo huu, na mengi hutokea mtu anapotua juu ya mguu wa mwenzake. Kusimama kwa mguu mmoja macho yamefumbwa, sekunde 30 mara tatu kila mguu, kabla ya kila mazoezi. Aliyewahi kuteguka avae kikinga kifundo kwa miezi 6 hadi 12. Kurudi uwanjani kusiamuliwe na "sasa hainiumi". Aruke kwa mguu mmoja mbele, mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya umbali wa mzima.

Saruji inaadhibu magoti. Maumivu chini kidogo ya kilegesambwa kwa mtu anayeruka sana yasifunikwe kwa dawa za maumivu. Punguzeni miruko na muweke kuchuchumaa kwa uzito, taratibu, sekunde tatu kushuka na tatu kupanda, siku tatu kwa wiki.

Maji: pimeni uzito kabla na baada ya mazoezi. Mtu wa kilo 80 akipoteza zaidi ya kilo 1.6, uchezaji wake unashuka. Kila kilo iliyopotea irudishwe kwa lita 1.2 hadi 1.5, kidogokidogo, na chumvi kidogo kwenye chakula au maji. Mlo wa mechi uwe saa tatu au nne kabla: wali au ugali na sato wa kuchemsha, mboga kidogo. Sangara wa kukaanga na chipsi viwe baada ya mashindano. Mechi ikiisha, ndani ya saa moja, ndizi mbivu tatu, mayai matatu na glasi ya maziwa vinamtosha mtu wa kilo 80 kuanza kujijenga kwa mechi ya kesho. Hiyo haihitaji mdhamini mkubwa, inahitaji mtu mmoja anayebeba kapu la chakula kila mechi bila kukosa.

Na safari. Mwanza hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Kushuka kwenye basi alfajiri na kucheza jioni ni kujifungisha. Fikeni usiku mbili kabla. Kama bajeti hairuhusu, punguzeni msafara wa viongozi.

---

RefaMezaKuu

Mimi nitaongeza dakika mbili za mwisho tu. Nimeona timu nyingi nzuri zinazoyafahamu yote yaliyosemwa hapo juu zikipoteza hapo kwa kutojua kanuni.

Kipindi cha pili (robo ya tatu na ya nne) mna taimu auti tatu, lakini ndani ya dakika mbili za mwisho za robo ya nne haziwezi kutumika zaidi ya mbili. Kocha anayezitunza zote tatu anapoteza moja. Mkiomba taimu auti ndani ya dakika hizo mbili mpira ukiwa wenu upande wa nyuma, kocha anaweza kuchagua urushwe kutokea mstari wa upande wa mbele. Faida ni kutovuka uwanja, gharama ni kwamba saa ya kushambulia, kama ilikuwa na zaidi ya sekunde 14, inashushwa hadi 14. Mkiongoza kwa pointi mbili na mnataka kula muda, kubaki nyuma na sekunde zenu 24 kunaweza kuwa bora. Kocha anatakiwa awe ameshaamua kabla hajafika kwenye benchi.

Faulo za timu: ya tano katika robo inaleta mitupo huru miwili. Mtu wa benchi aiite idadi kwa sauti kila inapobadilika. Mkiwa na tatu tu zikiwa zimebaki sekunde 6, mnayo moja ya kutumia kuvunja mchezo wao bila adhabu, mradi mchezaji aucheze mpira kweli, maana akimkumbatia mtu itapigwa faulo isiyo ya kiungwana.

Andaeni michezo mitatu tu iliyopangwa: wa kuingiza mpira uwanjani kutoka pembeni, wa kuuingiza kutoka mstari wa nyuma ya ubao, na wa kupata pointi tatu. Zoezi: kila Ijumaa wekeni saa ya mchezo ibaki dakika 1 na sekunde 30, timu moja inaongoza kwa pointi tatu, chezeni kwa kanuni kamili na filimbi. Mara nne kwa siku hiyo.

---

Mdau wa Pasiansi

Nawashukuru sana wakuu, hii nitaipeleka kamati kama ilivyo. Maswali mawili yamebaki. Uwanja wetu uko wazi, upepo wa ziwa mchana unatusumbua na masika tunakosa siku nyingi. Na mechi za kirafiki zenye ushindani tunazipata wapi zaidi ya hapa mkoani?

---

KaratasiYaMeza

Upepo wa ziwa huongezeka jua linapopanda, asubuhi kunakuwa shwari. Mazoezi ya kurusha yawekwe saa 12:30 hadi saa 2 asubuhi. Jioni fanyeni ulinzi, piki-endi-roli, kuvunja kubanwa na pumzi, mambo ambayo upepo hauyaharibu. Mkilazimisha pointi tatu kwenye upepo, mrushaji anaanza kurekebisha mkono kufuata upepo, na akiingia ukumbini mpira unapita kando.

Muwe na mipira ya aina mbili. Ya raba ni ya saruji. Ile ya ngozi au ya kutengenezwa inayotumika kwenye mashindano inaliwa na saruji ndani ya muda mfupi, itunzeni kwa ajili ya ukumbini na siku chache kabla ya safari ili mikono iizoee. Shinikizo lipimwe: mpira ukiangushwa kutoka mita 1.8, uruke hadi karibu mita 1.3 ukipimia juu ya mpira. Uliojazwa kupita kiasi unaruka mbali na ringi na unawadanganya hata wanaookota ribaundi.

Pimeni mistari yenu. Viwanja vingi vya zamani bado vina mstari wa pointi tatu wa mita 6.25. Unaotumika sasa ni 6.75, na pembeni ni 6.60. Mrushaji aliyezoea sentimita 50 pungufu atakuwa mfupi mashindano mazima. Rangi na kamba ya kupimia vinamaliza tatizo hilo kwa siku moja. Urefu wa ringi nao, mita 3.05, upimeni pande zote mbili na mbele na nyuma ya ringi, kwa sababu ringi zinazoning'iniwa huinama mbele.

Masika, kodini ukumbi hata wenye nusu uwanja mara mbili kwa wiki. Siku za mvua bila ukumbi ni za video na uzito. Kwa hiyo, mdau, mpangilio wangu wa fedha: kwanza kocha msaidizi anayeshika takwimu na video pamoja na mtu wa tiba, pili saa za ukumbi na chakula, tatu gadi mmoja, asajiliwe mkiwa mmeshaweka kando mshahara wake wa msimu mzima. Mshahara ukichelewa miezi miwili, hakuna mpango wa ulinzi utakaoishikilia timu.

---

Nyegezi_Gadi

Kuhusu mechi za kirafiki, geukeni magharibi na kaskazini kabla ya Dar. City Oilers wa Kampala walicheza BAL 2023, Nairobi City Thunder 2025, na Kigali ndiko BAL yenyewe ilikoanzia mwaka 2021. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, basi linapita Sengerema na Geita hadi Rusumo, mpakani na Rwanda. Safari moja ya mechi tatu ndani ya siku nne, miezi miwili kabla ya Ligi ya Taifa, iwe kipimo cha lile la Tiba_Bwiru: chezesheni watu kumi kila mechi, mwandike dakika zao, mlinganishe asilimia ya mitupo ya robo ya kwanza na ya robo ya nne siku ya tatu. Msiende mkitafuta ushindi. Nendeni na wale wawili wa kuandika takwimu, na simu ikae juu, usawa wa mstari wa kati.